Kijiko Kwenye Boriti

Juzi nilikuwa nafunga duka, redio inaongea, nikasikia mtangazaji anasimulia historia ya muziki wa roki wa mji wetu. Akafika kwetu. Akasema bendi ya Ghala ilivunjika kwa ugomvi wa vyeo siku chache kabla ya onyesho lake kubwa, na kwamba ule mkato wetu, yaani nyimbo zetu kukatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo, ulikuwa "kauli ya kizazi kilichonyimwa nafasi ya kusema." Nilikuwa na kitambaa cha kufutia meza mkononi. Nikairushia ile redio.

Kauli ya kizazi! Jamani. Ilikuwa mashine ya kukandia unga.

Ngoja niseme mwenyewe, maana mpiga ngoma nilikuwa mimi, na bekari ilikuwa ya baba yangu.

Tulikuwa watatu. Kaka yangu, Domo, ndiye aliyeimba na kupiga gitaa; jina hilo alipewa na walimu wake, na halikuwa la sifa. Fundi Redio alipiga besi. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio mtaa wa nyuma, na vyombo vyetu vyote vya kukuzia sauti alivifufua yeye kutoka kwenye redio ambazo wenyewe walisahau kurudi kuzichukua. Wa tatu mimi. Asubuhi nilikuwa binti wa bekari mwenye aproni; alasiri, nikishaaga kwamba nashuka kuchekecha unga, nilikuwa Nyundo.

Ghala la unga lilikuwa chini ya bekari. Unashuka ngazi za uani, unasukuma mlango mzito, unakuta magunia yamepangwa hadi juu pande zote, na katikati nafasi ya kutosha watu watatu wasiogombana. Magunia yanameza sauti vizuri, lakini hayamezi yote. Kilichotuficha hasa ni mashine. Ilikuwa jitu la chuma, imesimama juu ya vichwa vyetu kabisa, na Baba akiiwasha kukanda unga wa mikate ya jioni, nyumba nzima ilinguruma. Ikinguruma, tunapiga. Ikizimwa, tunakata palepale, hata kama neno limebaki nusu mdomoni mwa Domo.

Sasa, mtu anayetwanga ngoma hawezi kusikia kwamba mashine imezimwa. Ndiyo maana nilifunga kijiko. Kijiko cha chai cha kawaida tu, nimekining'iniza kwa uzi kwenye boriti, mbele ya macho yangu. Mashine ikizunguka, boriti inatetemeka na kijiko kinacheza. Mashine ikisimama, kijiko kinatulia. Mimi sikumtazama mtu nilipokuwa napiga, nilitazama kijiko. Kikitulia natia pigo moja la nguvu, wenzangu wanakata, tunabaki tumeduwaa kama wezi waliowashiwa taa.

Tulirekodi hovyo hovyo, na kanda zetu zikapita mkono kwa mkono, kutoka gereji moja hadi stoo nyingine, kokote ambako vijana wa mji ule walijificha na magitaa yao. Haukupita muda kila bendi ikawa inakata nyimbo katikati. Kuna wale waliopigia nyuma ya duka la matairi, wao walikata hata salamu. Wengine walisikia ule mngurumo wa mashine kwenye kanda wakadhani ni ufundi, wakanunua feni kuukuu na kuiweka karibu na kipaza sauti. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini hatukumwambia mtu siri yetu, na sababu ilikuwa Baba.

Baba aliwahi kumfukuza Domo. Alikuwa amemwachia tanuri siku moja, yeye ameitwa nje, na Domo akatoka uani kujaribu wimbo. Mikate yote ya siku ile ikawa mkaa. Baba hakupiga kelele. Alitoa begi la Domo akaliweka mlangoni, gitaa juu yake. Kaka yangu akalala miezi sakafuni mwa kibanda cha Fundi Redio, katikati ya nyaya na risasi ya kulehemu, akakonda, akashikwa na kikohozi ambacho mpaka leo hakijamtoka vizuri. Ni shangazi yetu, dada yake Baba, aliyekuja kumwombea. Alilia, akavua mpaka kilemba. Baba akamsikiliza, kisha akasema, nami niko hapo napanga trei:

"Arudi. Lakini siku nitakayosikia sauti ya lile gitaa chini ya paa hili, sina mtoto wa kiume. Na safari hiyo, dada, usije."

Baba hakuwa na maneno mawili. Nikajiapiza moyoni kwamba kaka yangu halali nje tena. Utaniuliza, basi kwa nini tusipigie kwingine? Kwingine wapi? Kwenye kibanda cha Fundi Redio ukikohoa unaangusha rafu. Na kumwambia Domo aache muziki ni kama kumwambia aache kupumua. Kwa hiyo tuliishi kwa jambo moja tu: Baba asisikie.

Na Baba alikuwa mtu wa sikio, hilo ndilo lililonitoa jasho. Hakutazama saa wakati wa kukanda. Alisikiliza. Nilipokuwa mdogo alikuwa ananisimamisha juu ya kreti kando ya mashine. "Sikiliza," ananiambia. "Sasa hivi unga unapiga makofi. Haya, sasa unaburuta. Bado. Bado." Kisha sauti ya mashine inashuka kidogo, kidogo sana, kama mtu aliyetua mzigo. Ananigeukia: "Sasa?" Nami najibu, "Sasa, Baba," na anazima. Ukizima mapema mkate unabomoka. Ukichelewa, unga unachoka, unapata joto na kunata, na mkate unatoka bapa. Domo hakuwahi kuisikia ile tofauti hata siku moja, na anajiita mwanamuziki.

Mwaka ule mashine ilianza kuchelewa kuzimwa. Mwanzoni tulimaliza ubeti uliokuwa haufikiwi. Baadaye tukapata nafasi ya gitaa kwenda peke yake. Domo akaanza kutunga nyimbo ndefu, na huko magereji wakasema Ghala wamekomaa. Mimi nilifurahi, nitasema uongo nikikataa. Siku moja tumekaa juu ya magunia tunapumzika, Domo akasema kwa sauti ya chini:

"Labda anajua. Labda mzee anatuongezea muda."

"Nani? Baba?" nikamwambia. "Wewe unaota mchana."

"Si nasema labda."

Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto. Nikageuka kukaza ngozi ya ngoma ambayo haikuhitaji kukazwa.

Kumbe huko juu mambo yalikuwa yanaharibika. Mama mmoja wa hotelini alirudisha mikate, akasema imekuwa mizito kama tofali. Wengine hawakurudisha, waliacha kuja. Baba alisema ni hamira, akabadilisha hamira. Akasema ni unga, akabadilisha unga. Na mimi akawa ananinunia. Nampa shikamoo asubuhi, kimya. Naongea naye nyuma yake, haniangalii. Nilikasirika, nikasema moyoni, sawa, tununiane, tuone nani atachoka kwanza. Tena niliogopa. Niliona amenusa jambo la chini na anasubiri tu kutukamata.

Hapo ndipo tulipopata ukumbi. Ulikuwa sinema ya zamani iliyofungwa, mwenye nao anaukodisha kwa maonyesho, na hakuna bendi yoyote ya magereji iliyowahi kupanda pale. Alisikia habari zetu, akamwambia Domo: jukwaa la Jumamosi ni lenu, ila nileteeni kanda safi nisikie kwanza, si ile mikwaruzo yenu. Domo alirudi anakimbia. Fundi Redio naye akaazima kinasa sauti cha maana, na akatengeneza spika mpya ya besi. Nilipoiona inashushwa ngazini nikasema, hilo ni kabati la nguo au ni spika?

"Usiitukane," Fundi Redio akajibu. "Hii itakutikisa mpaka meno."

Akaiegemeza kwenye nguzo ya katikati, ile inayobeba boriti. Hakuna aliyefikiri kitu. Domo alishika gitaa. Juu, Baba akawasha mashine, kijiko kikaanza kucheza, nami nikahesabia kwa vijiti.

Tulipiga wimbo mrefu kuliko zote. Sijawahi kupiga hivyo tena maishani. Domo aliimba amefumba macho, mishipa ya shingo imemtoka, unga unadondoka kutoka kwenye magunia kwa mtikisiko. Nilitazama kijiko. Kinacheza. Tukamaliza beti zote. Kinacheza. Domo akaenda peke yake na gitaa, akarudi, akaingia kiitikio cha mwisho, na kijiko bado kinacheza, tena kinacheza kuliko siku zote. Tukafika mwisho, mwisho wenyewe hasa, ambao hatukuwahi kuufikia, nikafunga kwa matoazi.

Kijiko kikatulia.

Mashine ilikuwa haingurumi. Wala haikuzimwa wakati ule. Tulikuwa tumeshanyamaza, ningesikia inavyokoroma ikizimwa. Ilikuwa imezimwa zamani. Nikatazama ile spika, nikatazama nguzo, nikatazama boriti. Kilichokuwa kinachezesha kijiko ni sisi wenyewe.

"Tangu lini?" Domo akanong'ona. Uso umemwisha damu.

Fundi Redio alikuwa anapapasa akitafuta swichi. Pale juu, juu ya vichwa vyetu, mtu mmoja alikuwa amesimama katika nyumba iliyo kimya, na sisi tumempigia wimbo mzima kwa spika yenye ukubwa wa kabati. Tukasubiri miguu kwenye ngazi za uani. Domo alianza kuweka gitaa kwenye mfuko wake, taratibu, kama mtu anayefungasha kwa safari anayoijua.

"Mwambie nilikuwa peke yangu," akaniambia. "Wewe ulishuka kuchekecha tu. Usikubali kwamba ulikuwepo."

"Nyamaza."

"Dada, sikiliza—"

"Nimesema nyamaza! Hulali nje. Kaeni hapa, msitoke."

Miguu haikuja. Kusubiri kukanishinda, nikapanda. Nilipanda na maneno yote niliyokuwa nayo: nitapiga magoti, nitalia kama shangazi, nitasema ni mimi niliyewaingiza. Nikaingia kwa mlango wa nyuma.

Baba alikuwa amenipa mgongo. Ameinamia sufuria ya mashine, mikono ya shati imekunjwa, anauvuta unga kwa vidole na kuutazama jinsi unavyokatika.

"Baba," nikasema.

Hakugeuka. Nikajua hasira zake ndizo hizo, za kimya, zile za begi mlangoni.

"Baba, naomba unisikilize. Usimfukuze. Nakuomba."

Akauvuta unga tena. Nikasogea, nyonga yangu ikagonga rafu, trei nzima ya bati ikaporomoka kwenye saruji. Paka aliyekuwa amelala dirishani aliruka mpaka nje. Mimi mwenyewe nilipiga kelele. Baba akaendelea kuvuta unga, polepole, bila hata bega kushtuka.

Nikasimama pale. Shikamoo zote zile zikanirudia, moja moja. Mikate bapa ikanirudia, na hamira iliyobadilishwa bure, na beti zetu ndefu zilizowafanya wa magereji watupigie makofi. Mzee wa watu alikuwa hasikii, na alikuwa ameibeba siri hiyo peke yake, akikanda kwa kubahatisha, na sisi chini tunashangilia.

Ndipo akageuka kuchukua maji, akaniona. Akashtuka, kisha akajitia hana habari. Macho yake yakashuka kwenye mikono yangu. Nikatazama na mimi. Nilikuwa nimepanda na vijiti vya ngoma, mpumbavu mimi, nimevishika kama mtu aendaye vitani.

Tulitazamana. Sijui nani aliyekuwa na hofu zaidi.

"Kaka yako yuko chini," akasema. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko chumba. Hakuuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na gitaa."

Nikaitikia tena. Akatazama sakafu, akaikanyagakanyaga kwa kisigino kama anayejaribu ubao.

"Mimi nilidhani mashine imelegea," akasema. "Kila siku nahisi miguuni inatikisika vibaya. Nimeikaza bolti mpaka zimelika."

"Baba, tusamehe."

Alikuwa anatazama midomo yangu. Akakaa juu ya kreti, lile lile nililokuwa nasimamishwa utotoni, akajifuta unga mikononi kwa muda mrefu.

"Nilisema nikisikia," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Basi. Sijasikia."

Nikaanza kulia. Nililia kwa nguvu, bila kujizuia, maana nani angenisikia? Akaniacha nilie. Halafu akanyoosha mkono kuelekea sufuria, na yule mwanamume ambaye hakuwahi kumuuliza binadamu yeyote habari za unga wake, akaniuliza mimi:

"Umezidi?"

Nikaingiza mkono. Ulikuwa wa moto, unanata kama gundi.

"Umezidi, Baba. Zamani sana."

Akafumba macho. Aliponiambia yaliyofuata aliteremsha sauti, na nilijua anajitahidi kwa sababu ilikuwa inapanda na kushuka ovyo. "Usimwambie kaka yako. Atanionea huruma, na huruma ya mtoto niliyemfukuza siiwezi. Mwache aendelee kuniogopa." Kisha akasema, "Wewe una sikio. Ulikuwa nalo tangu mdogo."

Hakuniomba. Lakini mashine inakanda alasiri, na ngoma zilipigwa alasiri, na mimi ni mtu mmoja.

Nilishuka nikawakuta wamesimama vile vile. Nikawaambia Baba hakusikia kitu, alikuwa ametoka. Domo aliketi kwenye gunia akacheka kwa pumzi moja ndefu, akanishika mkono. Kisha nikawaambia kwamba mimi sipigi tena. Nimechoka na hofu, nikasema, na mikate inaharibika, na kazi yangu ni juu.

"Jumamosi ni keshokutwa!" Domo akasema.

"Tafuteni mwingine."

"Nani anayejua nyimbo zetu? Nani? Unatuua, unajua? Unatuua kwa ajili ya mikate!"

"Ndiyo," nikasema. "Kwa ajili ya mikate."

Akaniita msaliti. Akaniita mtumwa wa Baba, na mengine ambayo sitayarudia. Mimi nina ulimi kuliko yeye, watu wote wanajua, na siku ile niliumeza. Hicho ndicho Fundi Redio alichokisimulia mitaani, hicho ndicho wanachokiita ugomvi wa vyeo. Mwenye ukumbi aliikubali kanda yetu, na Jumamosi walipanda jukwaani na mpiga ngoma wa kuazima kutoka kwa wale wa duka la matairi, ambaye kila kipande alikikata mahali pasipostahili, na watu wakaanza kutoka kabla ya nusu. Domo alikaa nami bila kunisemesha mpaka alipoondoka kwenda kutafuta maisha mji mwingine. Alikuja kujua miaka baadaye, Baba alipomwambia kwa mdomo wake mwenyewe, na walivyosemezana ni yao.

Lakini nataka kueleza ile Ijumaa, siku moja kabla ya ukumbi, kwa sababu redio haitaisema kamwe.

Baba aliwasha mashine alasiri kama kawaida. Nilisimama kando yake, aproni kifuani. Unga ukaanza kupiga makofi. Na chini ya miguu yetu, kwa mbali, nikasikia gitaa. Domo na Fundi Redio walikuwa wanajaribu ule wimbo mrefu bila ngoma. Niliwajua walivyokaa, najua macho yao yalikuwa kwenye kijiko, wanaogopa mtu ambaye hangewasikia hata wangempigia sikioni. Mikono yangu ilianza kutembea kwenye ukingo wa meza, yenyewe, ikitafuta mapigo. Nikaiweka mfukoni.

Unga ukaanza kuburuta. Huko chini Domo aliingia ubeti wa pili. Bado kiitikio, bado lile gitaa la peke yake, bado ule mwisho ambao tuliufikia mara moja tu. Nikaomba mashine ichelewe. Kweli niliomba. Ikanguruma, ikanguruma, halafu sauti ikashuka kidogo, kidogo sana, kama mtu aliyetua mzigo.

Baba alikuwa ananitazama usoni. "Sasa?" akauliza.

Domo alikuwa ndio kwanza ameanza kupandisha sauti. Nilimsikia vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Sasa, Baba," nikasema, nikanyoosha mkono mwenyewe, nikazima.

Chini wakakata palepale, neno nusu mdomoni. Baba akauvuta unga, ukanyooka mwembamba bila kukatika, akaniitikia kwa kichwa, na tukaanza kukata matonge.